Mtaa Usio na Magari

“Voisine, jirani yangu, kama ni sherehe, mbona hakuna hata mutu moja anacheka?”

Mzee Aimable alikuwa amesimama katikati ya barabara, kandambili miguuni, taulo begani, kidole kimenyooka kuelekea magari yaliyobanana ubavuni mwa nyumba yake kama ng'ombe kwenye josho. Nyumba yake ni ya kona. Mlango unatazama mtaa wetu, njia ya gari inatokea mtaa wa pili. Na huko mtaa wa pili ndiko nilikokuwa nimewaamuru wageni wangu wote waegeshe.

“Punguza sauti, mzee wangu,” nikamwambia.

“Nipunguze kwa nini? Kwako kuko mutu analala?”

“Ni saa moja tu. Wakishakula wataondoa.”

“Bibi yangu anatoka kazini saa saba. Atapita wapi, juu? Magari kumi na ine, mama. Na hapa mbele yako ni peupe, paka anaweza kulala katikati ya barabara na hakuna mwenye atamuamusha.” Akanisogelea. Akaitazama kanga niliyojifunga kiunoni, akayatazama macho yangu. “Weye unaficha nini?”

Mimi nimegombana na watu wengi. Nimekulia soko la Bukoba, nimegombania meza ya dagaa na wanawake ambao wakikutukana unaenda kuoga. Mkongomani mmoja wa Bukavu mwenye taulo begani hakuwa wa kunishinda. Lakini siku ile ulimi ulinigandia, kwa sababu mzee alikuwa amesema kweli. Mtaa wetu niliufagia magari mwenyewe. Mdogo wangu Joyceline alikuwa barabarani anatoka Houston, na mtu wa kwetu akikuta magari yamepanga foleni mbele ya nyumba, siku isiyo ya Krismasi wala ya ubatizo, hahitaji kusimuliwa. Sikutaka magari yamwambie.

“Ni sherehe ya mtihani,” nikasema. “Mdogo wangu amefanya mtihani.”

Mzee Aimable akageukia gereji yangu. Kwenye kidirisha cha juu, kichwa chenye kitambaa cheusi kilipita, kikarudi, kikainama.

“Sherehe,” akasema. “Haya.”

Mama yetu alikuwa na siku mbili kaburini.

*

Wilbroad, kaka yetu anayenifuata mimi na kumtangulia Joy, alinipigia Jumanne saa mbili asubuhi. Nilikuwa ghalani hapa Grand Prairie, nje kidogo ya Dallas, nabandika lebo kwenye maboksi ya viatu. Kwao ilikuwa saa kumi jioni. Alisema, “Dada, mama ametuacha,” na nyuma yake nikawasikia wanawake wa kijijini wakipaza sauti mmoja baada ya mwingine, kila nyumba ikipokea kutoka kwa jirani yake.

Nililia chooni dakika kumi, kwa sababu mapumziko yetu ni dakika kumi. Kisha nikanawa uso, na wazo la kwanza lililonijia, Mungu anisamehe, halikuwa la mama. Lilikuwa la Joy. Alhamisi ana mtihani.

Ulikuwa mtihani wa leseni ya uuguzi, na alikuwa ameanguka mara mbili. Mara ya kwanza, ukweli usemwe, nilikuwa na mkono wangu. Niliutangaza. Niliutangaza kanisani, nikautangaza saluni kule Garland, nikamwambia hata dereva wa lori aliyeleta mzigo ghalani. Watu wakamwombea kwa jina. Alipoanguka, watu wale wale wakampigia kumpa pole, simu arobaini kwa siku mbili, na ya arobaini na moja ilikuwa yake kwangu. “Da Pru,” aliniambia, “mdomo wako ni redio isiyo na mahali pa kuizimia.”

Hii ya tatu ilikuwa ya mwisho. Hospitali moja ya Houston ilikuwa imemshikia nafasi hadi mwisho wa mwezi, na muda wake wa kukaa nchini ulikuwa umefungwa kwenye leseni ile kama mbuzi kwenye kigingi. Akianguka, anafunga mabegi. Kwa hiyo Pasaka alipokuja kwangu alinikalisha jikoni, akaniapisha.

“Safari hii usimwambie mtu. Na mimi usiniambie kitu. Lolote likitokea, Da Pru, hata nyumba yako ikiungua, niambie nikishatoka kwenye mtihani.”

“Hata nikifumaniwa?”

“Hasa ukifumaniwa.”

Tukacheka mpaka akashika ubavu. Lakini aliniapisha.

Nilimtangulia miaka kumi na miwili. Baba alipofariki nilikuwa kidato cha pili, na mwezi uliofuata nilikuwa sokoni, Joy mgongoni, nauza dagaa kwa sauti iliyomfanya ajifunze kulala kwenye kelele. Alisoma kwa dagaa wale. Nilipopata viza ya bahati nasibu na kuja huku, mimi niliyekuwa sijui kutamka hata jina la mji ninaoishi, jambo la kwanza nililolitafuta ni chuo cha kumpeleka. Kila daraja alilopanda, mimi nilikuwa chini nimeshika ngazi. Na mtu anayeshika ngazi siku nyingi huanza kudhani kwamba anajua, kuliko aliye juu, wapi mguu unapaswa kukanyaga.

Hivyo redio ikaizima habari. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile, na nimeshabeba maboksi. Niliwapigia watu wa Bukoba wote wa Dallas, wa Fort Worth, wa Houston, mmoja mmoja. Hakuna kuweka mshumaa kwenye grupu. Hakuna kuweka picha ya mama. Hakuna kumwandikia Joy pole, wala salamu, wala mstari wa Biblia wa ghafla. Watu ambao hawajawahi kunitii katika jambo lolote walinitii katika hili. Walijua vitu viwili: kwamba mtihani ni mtihani, na kwamba mtu hapewi habari ya msiba kwa simu, akiwa peke yake, mbele ya usukani. Anaitwa. Watu wanakusanyika. Analishwa kwanza, ndipo anaambiwa. Ndivyo tulivyolelewa.

Ni Loice tu aliyenipinga. Loice ni Mkenya, nesi, rafiki yangu wa saluni ya Garland, na ana tabia mbaya ya kusema kitu mara moja tu.

“Wee Pru. Huyo msichana atakuchukia.”

“Atanishukuru akipata leseni.”

“Wacha nikwambie. Mgonjwa ukimficha ugonjwa wake, hata akipona hakuamini tena.”

Nikamwambia Joy si mgonjwa.

Wilbroad hakubisha. “Wewe ndiye mkubwa,” alisema. “Ukisema tunyamaze, tunanyamaza.” Akaizima simu ya mama, akaiweka kwenye kabati la vyombo. Watu wa ukoo wakapanga maziko Alhamisi saa tisa alasiri. Nilihesabu kwa vidole ghalani: saa moja asubuhi huku. Joy anaingia kwenye mtihani saa mbili.

*

Alhamisi sikwenda kazini. Niliiegemeza kompyuta kibao kwenye jagi la maji, sauti nikaifunga, kwa sababu kilio cha kule kingewaamsha wapangaji wangu wa juu. Wilbroad alikuwa amempa mtu simu ashike. Picha iliyumba, ikaona majani, ikaona viatu, ikatulia. Wanaume sita walikuwa wanapita na jeneza katikati ya migomba iliyo nyuma ya nyumba, na majani mapana yaliwafuta mabegani kadiri walivyosogea.

Saa moja kasoro robo simu yangu ikaita.

“Da Pru, nampigia mama tangu jana, hapatikani.”

“Umeme umekatika. Simu yake haina chaji.”

“Na Wilbroad je?”

“Wilbroad yuko shambani.” Nilimwona kwa macho yangu. Alikuwa ameshika kona ya mbele ya jeneza, shati limemlowa mgongoni.

“Nilitaka aniombee tu,” Joy akasema. “Siwezi kuingia mle ndani hivi hivi. Mara ile ya pili sikumpigia, si unakumbuka? Sikumpigia, nikaanguka.”

Sauti yake ilikuwa ndogo. Nilikuwa sijaisikia hivyo tangu akiwa na miaka minne, siku aliyopotea sokoni nikamkuta chini ya meza ya muuza vitenge, amekaa tu, anangoja. Naapa, kama angeongea kwa sauti ya kawaida, sauti ya nesi, ningekaa kimya na ahadi yangu. Nilikuwa nimejiandaa kuficha. Sikuwa nimejiandaa kusema.

“Nimeongea naye jana jioni,” nikasema. “Kakuachia neno.”

“Kasemaje?”

Kwenye kioo walikuwa wamefika. Mtu alikuwa anapima kamba. Nikatafuta neno, na kilichonijia ni mikono ya mama jioni, ungo mapajani, maharage, kidole chake cha shahada kikitembea bila haraka na kuyatupa mawe madogo kwenye sufuria tupu. Ting. Ting.

“Amesema ufanye kama unachambua maharage. Usiutazame ungo mzima. Jiwe moja moja.”

Nikasikia taa ya gari lake ya kukatia kona ikigonga. Kisha akacheka, kicheko chenye maji.

“Huyo ni yeye kabisa,” akasema.

Nikamwambia Mungu amtangulie. Alipokata, walikuwa wanashusha.

*

Nilimwambia aje Jumamosi, tule, apumzishe kichwa. Alifika saa sita na nusu, ndani ya gari lake dogo la bluu, na kwa jinsi mtaa ulivyokuwa mtupu aliegesha mbele ya mlango wangu kama bibi harusi.

“Leo kwako kumepoa,” alisema, akishuka. “Hakuna hata gari moja. Umegombana na mji mzima?”

“Ingia,” nikamwambia. “Ingia ule kwanza.”

Nilikuwa nimepika ndizi, maharage yameungwa ndani kwa ndani, na kisahani cha senene ambao mama mwenyewe aliwakaanga Desemba na kumpa mtu awalete. Nilikuwa nimewaweka kwenye friza nisubiri siku maalumu. Joy alipowaona alipiga kofi moja. Akanawa, akakaa, akala.

Upande wa pili wa ukuta, ndani ya gereji iliyofungwa, katikati ya Juni, watu ishirini na wawili walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki wakimsikiliza. Tuliafikiana asionekane mtu mpaka Joy ashibe. Katekista wetu, Elkana, alikuwa ndiye wa kumwambia, nami nilikuwa nimemwomba angoje nigonge mlango mara mbili.

“Kompyuta ilijizima mapema,” Joy alisimulia, shavu limejaa. “Wanasema ikijizima mapema ama umefaulu sana ama umeanguka vibaya. Lakini najua, Da Pru. Safari hii najua. Kila swali nilikuwa namwona mama na ungo wake. Majibu manne, natupa jiwe, natupa jiwe, natupa jiwe. Linabaki harage.” Akacheka. “Aliyekaa karibu yangu alikuwa anatetemeka, mimi nachambua maharage.”

Mtu akakohoa gerejini.

“Nini hicho?”

“Mashine ya kufulia.”

“Inakohoa kama Mzee Elkana,” akasema, akacheka tena, peke yake. Alimwiga Elkana akisoma matangazo kanisani, anavyovuta pumzi kabla ya kila jina. Alimwiga vizuri sana. Kisha akanisukumia sahani.

“Niongeze. Kesho nikiamka nampigia. Umeme utakuwa umerudi. Nitamwambia, mama, ungo umeisha.”

Nikamwongeza. Hicho ndicho ninachokiona hadi leo, kuliko kaburi, kuliko jeneza: mkono wangu ukichota, ukilinganisha, ukiongeza kijiko kimoja zaidi. Alikula sahani ya pili yote. Mimi nilikuwa nasema moyoni, kula, mdogo wangu, kula, kulia kunataka nguvu. Na nilikuwa naamini kwamba huo ni upendo. Bado naamini. Hilo ndilo gumu lake.

Sikugonga. Nilinyanyuka mara mbili nigonge, mara mbili nikakaa. Nadhani ni joto lililowashinda. Mlango wa gereji ulifunguka wenyewe, akaingia Elkana na suti yake nyeusi, kofia mkononi, jasho linamtiririka mpaka shingoni, na nyuma yake wengine, mmoja mmoja, wamelowa kama waliotoka kwenye mvua. Loice alikuwa wa mwisho. Hakunitazama.

Joy alibaki na senene mmoja kati ya vidole. Aliwatazama wote, uso kwa uso, kama anayesoma orodha.

“Nani?” akauliza.

Elkana akavuta pumzi. Nikamtangulia.

“Mama.”

“Lini?”

“Jumanne.”

Akamweka senene pembeni ya sahani, taratibu. “Amezikwa?”

“Alhamisi.”

“Saa ngapi?”

Hakuna aliyekuwa amelifikiria swali lile. “Saa tisa alasiri,” nikasema.

Akainua mkono wa kushoto, akatoa saa nane kwa vidole, kama sisi wote tunavyofanya kila tunapotaka kupiga simu nyumbani. Nilivitazama vile vidole vikikunjika. Alipofika kwenye saa moja asubuhi alisimama hapo.

“Na maharage?” akasema. “Maharage yalikuwa ya nani?”

Ningeweza kuongopa. Nilikuwa nimeshaizoea njia.

“Yangu.”

Alikwenda kwenye sinki. Alinawa mikono kama manesi wanavyonawa, katikati ya vidole, nyuma ya kiganja, kifundo, mpaka kwenye kiwiko, kisha akaanza upya. Watu walisimama. Maji yalikuwa yanakwenda tu.

“Ulisema lolote,” nikamwambia mgongo wake. “Uliniapisha, Joy. Ulisema hata nyumba ikiungua.”

“Nilisema nyumba.” Hakugeuka. “Sikusema mama.”

Akafunga bomba. Hakuwa amelia. Akapita katikati ya watu, nao wakampisha, na alipofika mlangoni akasimama kidogo.

“Mmekaa mle ndani,” akasema, “mkinisikiliza nikicheka.”

*

Nje, Mzee Aimable alikuwa amerudi kudai njia yake. Mkewe alikuwa kwenye gari mwishoni mwa mtaa, injini inawaka, hana pa kupita. Joy hakufika hata kwenye gari lake. Alikaa ukingoni mwa barabara na viatu vyake vya kutokea, magoti juu. Nilimwona mzee akija na maneno yake tayari mdomoni, kidole kimeshainuka, kisha akamwona. Kidole kikashuka. Akampungia mkewe azime gari. Akakaa chini pembeni yake, kwa shida, akitanguliza mkono, akalitoa taulo begani na kumwekea mapajani.

Hapo ndipo mdogo wangu alipolia. Alilia kwa sauti ambayo Bukoba wangeisikia, ubavuni mwa mtu asiyemjua jina, na mimi nilikuwa dirishani kwangu na nyumba imejaa watu.

Jioni mzee alikuja kurudisha sahani tuliyowapelekea. Hakuketi.

“Kwetu Bukavu mutu akikufa tunalia mpaka jirani wa kumi anasikia,” aliniambia. “Jirani wa kumi njo analeta viti. Nyinyi munaficha mufu sawa vile mulimuiba.”

*

Joy alifaulu. Niliambiwa na Loice, aliyeambiwa na mtu wa Houston. Aliolewa, niliona picha kwenye grupu, nikaikuza kwa vidole nione nani amesimama mahali pangu. Alipata mtoto wa kike, akampa jina la mama, nami nikalijua hilo saluni, kichwa kikiwa ndani ya mashine ya kukaushia, kutoka kwa mwanamke aliyedhani nilikuwa najua. “Hongera mama mkubwa,” alisema. Nikasema asante. Mimi niliyekuwa kisima cha habari, nikawa nateka habari za damu yangu kwa majirani.

Mara moja nilikwenda Alief, mtaa anaoishi huko Houston, bila kualikwa, na pakiti ya senene kwenye kipoza. Alifungua mlango nusu. Alikuwa amenenepa kidogo, amependeza. Akaipokea pakiti kwa mikono miwili, kama tulivyofundishwa, akasema “Asante, dada,” akafunga. Niliendesha masaa manne kurudi, na wageni walikuwa wananisubiri, maana Jumamosi kwangu huwa hapakosi watu. Nikawapikia. Nikawachekesha. Kuna mtu alisema nyumba ya Da Pru haina huzuni.

Wilbroad ndiye aliyebaki katikati yetu. Joy alimsamehe mapema. Alisema yeye aliamriwa tu. Kila Jumapili Wilbroad alikuwa akinipigia baada ya kuongea naye, na kabla ya kukata alikuwa akisema, “Joy anakusalimia.” Nilijua anatunga. Mimi ndiye niliyemfundisha kunyamaza. Kutunga alijifunza mwenyewe. Nilikuwa nikimjibu, “Nami mwambie namsalimia,” na ile salamu ya uongo niliilia chakula wiki nzima.

Miaka mitano ikapita hivyo.

Mwaka jana, Oktoba, Jumamosi, nilikuwa namenya ndizi jikoni, jina la Joy likatokea kwenye simu. Nilipokea kwa mikono yenye utomvu.

“Dada.” Si Da Pru. “Njoo Houston.”

“Kuna nini?”

“Njoo tu. Usiendeshe haraka.”

Niliziacha ndizi kwenye maji. Njia ya kwenda Houston naijua kwa moyo, lakini siku ile niliisikiliza kuliko kuitazama, kwa sababu simu yangu, ambayo haijawahi kukaa dakika tano bila kulia, ilikuwa kimya kutoka Corsicana mpaka Huntsville. Magrupu yote yalikuwa kimya. Hakuna mzaha, hakuna picha ya chakula, hakuna anayeuza vitenge. Nilikijua kile kimya. Kina mshono, na mshono ule nilikuwa nimewahi kuushona mwenyewe. Huntsville nilisimama kujaza mafuta, nikaitoa simu nimpigie Loice. Loice angeniambia. Kidole kilikuwa juu ya jina lake. Nikairudisha simu kwenye mkoba, nikaendelea.

Nilikuwa nimejiandaa kuukuta mtaa mtupu. Njia nzima niliuona: nyumba yake ya matofali, barabara peupe, mlango unafunguliwa, Joy anatabasamu, sahani mezani, na nyuma ya ukuta watu wananisikiliza nikitafuna. Nilisema ni haki yangu. Nilisema nitakula yote.

Nilipokata kona nikaona magari.

Yalikuwa pande zote mbili za barabara, mengine yamepanda kwenye nyasi, moja limeziba kabisa njia ya jirani, na jirani mwenyewe amesimama kwenye kibaraza chake mikono kiunoni. Hakuna lililofichwa. Mwanga wa saa kumi ulikuwa unawaka juu ya vioo vyake vyote. Nikasimamisha gari pale pale katikati.

Joy alikuwa ameshatoka. Alikuja na gauni lake jeusi, miguu mitupu juu ya lami, haraka, kabla sijazima injini, akafungua mlango wangu. Watu waliokuwa barazani wakasimama. Hakungoja niteremke.

“Kaka Wilbroad amefariki,” akasema. “Leo alasiri, saa za kwao. Moyo.”

Nilimtazama mdomo tu.

“Sikukwambia kwa simu kwa sababu ulikuwa unakuja ukiendesha. Nimewanyamazisha watu masaa manne. Hayo tu ndiyo niliyokuficha, na nimeshakwambia.” Sauti yake ilikatika, akaiokota. “Hajazikwa. Wanatusubiri.”

Nililia nikiwa nimeshika usukani. Nilimlilia Wilbroad, na shati lake lililolowa mgongoni, na salamu zake za kila Jumapili. Na mama nilimlilia pia, kwa sauti ambayo sikumpa Alhamisi ile. Joy alisimama akiushikilia mlango wa gari usijifunge. Hakunikumbatia. Alingoja, kama manesi wanavyongoja, mpaka kilio cha kwanza kikapita.

Kisha akanyoosha mkono, akanipokea mkoba.

“Sasa umeshajua, Da Pru,” akasema. “Kuna ndizi na maharage. Ingia ule.”